Isnino Ni Wenu

Isnino alizaliwa siku ya Jumatatu, na baba yake Aweys, mtu asiyependa kujisumbua pale Mwenyezi Mungu alipokwisha kumrahisishia, akampa jina la siku yenyewe. Watu wakamtania kwamba wa pili amngoje Ijumaa. Huyo wa pili hakuja duniani. Mama yake Isnino, marehemu Faduma, alishikwa na uchungu huko machungani nje kabisa ya Tarbaj, akapandishwa juu ya lori la mizigo apelekwe Wajir, na Wajir hakufika. Isnino alikuwamo kwenye lori hilo hilo, mtoto mdogo, amemshika mama yake mguu kwa kuwa mguu ndio uliokuwa karibu naye.

Basi mtu asiniulize kwa nini msichana huyo alitaka kuwa mkunga.

Aweys aliuza ngamia kumsomesha. Aliuza mmoja, akauza mwingine, na kila alipouza watu wa ukoo wake, Reer Warfa, walimtazama kama mtu aliyepigwa na jua. Mzee wao, Kulow, alimwambia waziwazi sokoni, "Aweys, wewe unanenepesha mbuzi wa jirani. Binti atasoma, ataolewa, na faida wataila wengine." Aweys akacheka tu. Alikuwa na cheko la polepole, la mtu anayetafuna kitu. "Mbuzi ni wangu mpaka aondoke," akajibu, "na akiondoka akiwa mnene nitasifiwa."

Na Isnino akasoma, akarudi na cheti chake, akaolewa. Mume wake alikuwa Guled, dalali wa ngamia pale soko la Tarbaj, kijana mpole, mwaminifu kwa kiasi ambacho dalali anaweza kuwa mwaminifu. Guled alikuwa wa Reer Burale, na hapo ndipo penye kisa. Reer Burale ni wengi. Ukirusha jiwe Tarbaj limempiga mmoja wao, na binamu zake wote watakuja kukuuliza. Reer Warfa, watu wa Aweys, ni wachache mno. Harusi ikitokea, wanatosha pikapu mbili na nafasi ya mizigo ikabaki.

Wakati huo zahanati ya Elgaras, mwendo wa pikapu kutoka Tarbaj, haikuwa na nesi. Aliyekuwapo, Mwende, alikuwa mtu wa kutoka Kenya, kama tusemavyo huku, maana kwetu mtu akivuka daraja la Garissa anasema amekwenda Kenya, kana kwamba alikotoka ni nchi nyingine. Mwende aliishi Elgaras hata akajua kutukana kwa Kisomali, na akinamama walimpenda. Kisha mambo yakaharibika barabarani, watu wenye bunduki wakaanza kuwatenga abiria wageni na wenyeji, na walimu na manesi wa kutoka mbali wakafunga virago mmoja mmoja. Mwende alilia siku ya kuondoka. Alimwachia chifu ufunguo wa nyumba ya nesi, kijumba cha mawe nyuma ya zahanati chenye mlango wa buluu, akasema, "Mpeni atakayekuja."

Aliyekuja ni Isnino. Lakini Isnino hakuwa mwajiriwa, alikuwa mtu wa kujitolea, na chifu akakwama hapo. "Binti yangu," alimwambia, "nyumba ni ya mtumishi wa serikali. Leta barua ya kazi, nitakufungulia mwenyewe na kufagia nitafagia." Chifu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ufunguo.

Kwa hiyo kila kulipokucha Isnino alipanda pikapu la Aden, lile linalobeba mbuzi, magunia ya sukari na yeyote mwenye haraka. Alikaa juu ya mzigo, amejifunga shungi mpaka machoni kwa ajili ya vumbi, mfuko wake wa vifaa mapajani. Jioni alirudi hivyo hivyo. Na wanawake wa Elgaras, kama wanawake wa kila mahali, walijifungua saa waliyotaka wao. Mtoto hangoji pikapu. Mara nyingi Isnino alifika asubuhi akakuta mtoto amekwisha kuzaliwa, na mara nyingine akakuta mtoto hayupo, au mama hayupo, na majirani wamekaa kimya wakimtazama akishuka garini.

"Aabo," alimwambia baba yake siku moja, wakinywa chai ya maziwa ya ngamia nyumbani kwake Tarbaj, mtoto wake Sabirin akimpanda babu yake mgongoni. "Mimi sitaki mambo makubwa. Nataka kazi hiyo kwa ajili ya ule mlango wa buluu. Nikilala pale, mtu atabisha na mimi nitatoka. Basi."

Aweys akajimiminia chai nyingine. Alikuwa anamfikiria Faduma.

Halafu ikaja habari njema. Bodi ya ajira ilitangaza nafasi za afya, na safari hii, walisema, kazi hazitakwenda kwa wenye nguvu peke yao. Watumishi wa serikali wawe na sura ya watu wenyewe, wawepo wanawake, wawepo walemavu, na koo ndogo zisisahauliwe. Aliyetumwa kulieleza jambo hilo Tarbaj alikuwa Saynab, mwanamke wa makamo aliyetembelea gongo tangu polio ilipompitia utotoni. Alizunguka redioni na misikitini akisema kwamba ataketi na wazee wa kila ukoo, na kila ukoo utaje watu wake, ili asibaki mtu nje.

Ili asibaki mtu nje. Neno zuri, na mimi simlaumu mama yule. Lakini wazee wetu ukiwaambia wataje watu wao, wao husikia kugawana nyama. Kabla kikao hakijafika, kila mmoja alikuwa amekwisha kujua paja ni la nani na shingo ni ya nani. Reer Burale walijigawia nafasi nyingi. Reer Warfa walibakiwa na moja.

Nafasi hiyo moja ndiyo iliyomnyima Aweys usingizi. Alikuwa na mtoto wa marehemu kaka yake, Abdikafi, kiziwi tangu kuzaliwa, kijana mwenye akili nyingi na mwandiko mzuri, ambaye hakuna duka lililomtaka. Stoo ya dawa ilihitaji karani. Aweys aligeuza jambo hili kama mtu anayegeuza mkate kwenye jiko, asiunguze upande wowote. Reer Warfa wakimtaja Isnino, Abdikafi atakosa, na Abdikafi hana mwingine wa kumtaja. Lakini Isnino ameolewa na Reer Burale. Reer Burale wana nafasi tele, mwanamke mmoja hawatamwona hata akipita. Wao wamchukue, sisi tumchukue Abdikafi, na wote wawili wapate.

"Mtu mwenye akili," Kulow akamwambia, akimpiga bega. Miaka yote hiyo Kulow hakuwahi kumsifu.

Sasa hebu sikia. Upande wa pili, katika kibanda cha chai sokoni, Guled naye alikuwa anapiga hesabu zake. Aliwaona wazee wa ukoo wake wakigombania nafasi hata kabla hazijatolewa, kila mmoja na mpwa wake, kila mmoja na mkwe wake. Akimleta mkewe pale atawekwa nyuma ya foleni isiyo na mwisho. Lakini watu wa baba yake Isnino ni wachache, na safari hii sheria imewakumbuka wachache. Nafasi yao hakuna wa kuwapokonya. Isnino akihesabiwa huko atakuwa salama. Akamwendea mzee wao Abdiwahab akamwambia, "Mke wangu ni wa Reer Warfa. Mwacheni kwa baba yake." Abdiwahab alifurahi mno. Alikuwa na mtoto wa kaka yake aliyekuwa akiitaka nafasi ya nesi wa Elgaras.

Wanaume hao wawili walimpenda Isnino. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani vingine. Na nyumba zao hazikuwa mbali, mmoja akipiga chafya mwingine anasikia. Lakini kwetu mtu na baba mkwe wake hawakai wakapanga mambo ya mke. Guled alipokutana na Aweys aliinamisha macho, akauliza habari za mvua, akauliza habari za ngamia, akasema alhamdulillahi na kwenda zake. Ndiyo adabu. Isnino mwenyewe kila mmoja alimwambia, "Usiwe na wasiwasi, jambo lako nimelipanga," naye akaridhika, maana mwanamke akiambiwa hivyo na baba na mume siku moja, ataomba nini tena?

Kikao kilifanyika ukumbi wa chifu, Tarbaj. Isnino hakuwapo. Kulikuwa na mama anayejifungua Elgaras. Na asiyekuwapo na lake halipo.

Mambo yalikwenda vizuri mwanzoni. Abdikafi alitajwa, Saynab akafurahi, akamwita mbele akamshika mkono, na Abdikafi akacheka mpaka machozi. Aweys alihisi moyo wake umejaa. Kisha Saynab akainua uso.

"Kuna mmoja ameomba mwenyewe, mkunga mwenye cheti, Isnino Aweys," akasema. "Amekuwa akijitolea Elgaras. Bodi inamtaka. Lakini sijasikia ukoo wowote ukimtaja, na sitaki kesho mtu aseme nafasi yake imeibwa. Huyu ahesabiwe upande gani? Ni wa nani?"

Abdiwahab alikuwa wa kwanza. "Huyo ni binti wa Reer Warfa," akasema kwa upole, akielekeza mkono kwa Kulow kama mtu anayekaribisha chakula. "Ni wenu."

"Hasha," akasema Kulow. "Mwanamke aliyeolewa yuko kwa mumewe. Watoto ni wenu, nyumba ni yenu, mshahara utaliwa kwenu. Ni wenu."

"Ni wenu."

"Ni wenu, bwana."

Watu wakacheka kidogo. Ilionekana kama heshima, kama wale wazee wanaosukumana mlangoni kila mmoja akitaka mwenzake atangulie. Saynab hakucheka. Aliegemea gongo lake akawatazama, kisha akamtafuta baba mtu.

"Mzee Aweys. Wewe ndiye uliyemzaa. Ni wa nani?"

Aweys aliona macho ya Kulow yamemkazia. Aliona Abdikafi, ambaye hakusikia neno lakini alikuwa anasoma nyuso, na furaha ilikuwa bado haijamtoka. Aliona kwamba akisema "ni wetu", nafasi ile moja inarudi mezani na Abdikafi anaondoka mikono mitupu mbele ya watu wote. Na akasema moyoni, hawa Reer Burale wanajifanya tu, wakibanwa watamchukua, nani ataacha mkunga?

"Ni wao," akasema. "Ni mke wa watu."

Saynab akamgeukia Guled. Guled alikuwa amepauka. Sasa ndiyo kwanza alikuwa anaelewa. Lakini alikuwa amekwisha kutoa neno kwa Abdiwahab, na Abdiwahab alikuwa amekaa mbele yake, na kumpinga mzee wako mbele ya ukoo mwingine ni kumvua kilemba. Guled akainamisha macho yake kama kawaida. "Ni wa baba yake," akasema.

Saynab akagonga gongo lake chini. "Sikilizeni," akasema. "Siwezi kumweka hewani. Nawaachia mpaka Ijumaa. Mmoja wenu, yeyote, aje aniambie neno moja tu, ni wetu. Nitamwandika siku hiyo hiyo. Akikosekana mtu, nafasi ya Elgaras itakwenda kwa aliyetajwa." Aliyetajwa alikuwa mtoto wa kaka yake Abdiwahab.

Isnino alipata habari jioni, akishuka kwenye pikapu. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akakaa mkekani. Aweys alitegemea atalia au atapiga kelele, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili.

"Mmenifanya mgeni," Isnino akasema, "ambaye kila nyumba inadhani amekula kwa jirani." Kisha akacheka, cheko la baba yake, lile la polepole. Hilo ndilo lililomkata Aweys maini. "Aabo, mlikuwa mnanisaidia wote wawili, najua. Sina hasira. Lakini bado kuna siku. Nenda kwa Saynab useme."

"Abdikafi je?"

"Abdikafi ameshikwa mkono mbele ya watu, yule mama hamwachi. Nenda, Aabo. Neno moja."

"Inshallah," Aweys akasema.

Na alikusudia. Mwenyezi Mungu ndiye anayejua, alikusudia kwenda. Asubuhi ya kwanza alivaa kanzu safi. Lakini neno la mzee likitoka kikaoni halirudi hivi hivi. Akirudi kusema kinyume, atakuwa amemfanya Kulow mwongo mbele ya Reer Burale, na Reer Warfa ni wachache, na mtu wa ukoo mdogo akigombana na watu wake, siku ya maji na malisho atasimama na nani? Akasema nitamwona Kulow kwanza. Kulow akasema, "Subiri, wale watalegea tu." Asubuhi iliyofuata akasema labda Guled amekwenda. Kijana ana miguu, ni mkewe, atakwenda. Guled naye alikuwa amekaa kibandani, chai imepoa, akisema mzee amekwenda, nimemwona na kanzu safi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ijumaa ikaja, watu wakaswali, wakatoka msikitini, wakaulizana habari za mvua.

Nesi mpya wa Elgaras alifika mara moja. Chifu alimfungulia mlango wa buluu, akafagia kama alivyoahidi. Kijana akatazama kitanda, akatazama tangi la maji lililokauka, akasema atarudi na vitu vyake. Hajarudi mpaka leo. Husemwa yuko Nairobi, anasoma zaidi. Kufuli likarudi mahali pake, na ufunguo kwa chifu, maana nyumba sasa ilikuwa na mwenyewe.

Na Isnino akaendelea kupanda pikapu. Alisema wanawake hawakukaa kikaoni, kwa nini awaadhibu? Baba yake alimwahidi kwamba mwaka ujao, bodi ikirudi, atasimama wa kwanza kabla hata dua haijasomwa. "Nimesikia, Aabo," akawa anamjibu, na kumtengenezea mto mgongoni. Hakumlaumu hata mara moja. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

Mvua iliyokuwa inaulizwa kila siku ilinyesha mwishowe, ikanyesha kwa wingi. Alasiri moja mtu alipiga simu kutoka Elgaras, mama ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Isnino alikuwa ndiyo kwanza amerudi Tarbaj. Angekuwa nyuma ya ule mlango wa buluu, ilikuwa ni kutoka na kuvuka ua. Badala yake alimwita Aden, na Aden akawasha pikapu. Aden alitaka kuvuka laga, lile korongo la mchanga lililo njiani, kabla maji hayajajaa. Alikwenda mbio. Kwenye kingo za ile laga udongo ulikuwa umelainika, tairi likazama, gari likalala ubavu na mzigo wake wote. Aden alitoka akiwa amevunjika mkono. Isnino alikuwa juu ya magunia.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Yule mama wa Elgaras alikufa pia, yeye na mtoto. Watu husahau kumtaja. Mimi namtaja.

Walimzika Isnino kesho yake. Aweys hakulia makaburini. Abdikafi, ambaye sasa alikuwa karani mwenye shati la kazi, alisimama pembeni yake na kumshika mkono bila kuuachia, na alipogeuka kutazama mdomo wa shehe unasema nini, hakuona, maana machozi yalikuwa yamemfunga macho. Guled alikuja, akasimama mbele ya baba mkwe wake. Hakuuliza habari za mvua. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu harusi, na kila mmoja akaona kwa mwenzake kile alichokuwa nacho mwenyewe.

Siku za tanga zikapita. Ndipo ikaja ile kazi ambayo kwetu haikosekani mtu akiuawa, hata ikiwa ni ajali. Ukoo wa aliyeua hulipa damu, nasi tunaiita mag, ngamia wa fidia. Watu wa Aden walikuwa waungwana, walikuja wenyewe bila kuvutwa. Kikao kikaitwa ukumbi ule ule wa chifu, viti vile vile vya plastiki, na chai ikapikwa. Reer Warfa walikuja wote, pikapu mbili. Reer Burale walijaa mpaka dirishani.

Aweys aliketi nyuma. Sabirin alikuwa ameachwa kwa majirani, lakini shungi dogo la mama yake alikuwa amemwachia babu, na Aweys alilishika mkononi bila kujua.

Mzee wa watu wa Aden alisimama. Aliomba radhi, akasoma Fatiha, akasema wako tayari kulipa na hawatabishana. "Ila tunataka kujua jambo moja," akasema, "ili tusilipe mkono usiostahili. Marehemu ni wa nani?"

Ukumbi mzima ukasimama.

"Ni wetu!" Kulow alikuwa amenyoosha fimbo yake juu. "Ni binti wa Reer Warfa, damu yetu. Mwanamke hata akiolewa mbingu ya saba, damu yake ni ya baba yake. Hiyo ndiyo sheria tangu babu zetu."

"Ni wetu," akasema Abdiwahab, na safari hii hakuwa mpole. "Ni mke wetu, ni mama wa mtoto wetu. Huyo yatima atalelewa na nani? Ni wetu."

"Ni wetu!"

"Ni wetu sisi!"

Vijana wakaanza kusukumana mlangoni. Kiti kimoja kilivunjika. Chifu akapiga meza. Watu wazima wenye mvi, waliokuwa wakikaribishana kwa adabu mwaka uliopita, sasa walikuwa wanavutana juu ya Isnino kama walivyowahi kuvutana juu ya kisima wakati wa ukame. Wawili tu hawakusimama. Aweys alikuwa amekaa nyuma, na upande wa pili wa ukumbi, kati ya miguu ya watu wanaopiga kelele, alimwona Guled naye amekaa, ameshika kichwa.

Mwishowe mzee wa watu wa Aden akainua mikono. "Yuko baba yake hapa," akasema. "Aliyemzaa ndiye atatuambia. Mzee Aweys, ni wa nani?"

Ni swali lile lile. Aweys alisimama polepole. Kanzu yake ilikuwa safi, ile ile aliyoivaa ile asubuhi aliyoshindwa kwenda kwa Saynab. Alitaka kusema mengi. Alitaka kuwaambia kwamba aliwaona wote, na kwamba yeye mwenyewe ndiye wa kwanza wao. Alitaka kuwaambia habari za lori, na mtoto aliyeshika mguu. Katika yote hayo likatoka neno moja tu.

"Ni wangu," akasema.

Akalirudia, kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. "Isnino ni wangu."

Hakukuwa na aliyecheka wala kuguna. Kwa muda mfupi Aweys alidhani wamesikia. Kisha Kulow akashusha fimbo, akavuta pumzi ya mtu aliyeshinda kesi, akawageukia Reer Burale.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Ni wa Reer Warfa. Tuendelee na ngamia."

Wakaendelea. Ilikubaliwa bila ugomvi zaidi, kwa kuwa baba amesema, na neno la mzee likitoka kikaoni halirudi. Kulow alimpiga Aweys bega, kama alivyompiga siku ile.

Aweys akaketi. Lilikuwa neno fupi, mtu analisema kwa pumzi moja, na lingeweza kumfungulia mtoto wake mlango. Majuto ni mjukuu, husema watu, na yeye alikuwa na mjukuu nyumbani ambaye angekuja kumwuliza. Guled alipita katikati ya watu waliokuwa wakipanga ngamia, akachukua kikombe cha chai mezani, akamletea baba mkwe wake, akachuchumaa karibu naye. Aweys alikipokea. Walikaa hivyo mpaka kikao kikaisha, na chai ikapoa mkononi mwake.